Nailoni Chini ya Kipoza-Maji

Profesa alipofungua skrubu ya mwisho na kukiinua kile kipoza-maji, kifaa cha kupoza kompyuta kwa maji, kutoka kwenye prosesa ya kompyuta ya dada yake, aliiona nailoni. Ilikuwa bado imebandikwa chini yake, nyembamba, yenye maandishi mekundu: ONDOA KABLA YA KUFUNGA.

Masikio yakamwaka moto kuliko kompyuta yenyewe.

Nyuma yake, dada yake alikuwa akimfokea muuzaji kwenye simu. "Mwizi mkubwa wewe! Nahariri video ya harusi ya watu, kompyuta inachemka kama birika, inazima!"

Na nani aliyemchagulia dada kipoza-maji hicho, tena akakifunga kwa mikono yake? Si yeye Profesa? Dukani alimcheka muuzaji aliyewashauri wachukue feni ya kawaida. "Hiyo ni ya kupepea mkaa, kaka. Tupe ya maji, yenye feni tatu na mataa." Jina la Profesa alijipachika siku hiyohiyo.

Akaibandua nailoni haraka ili aifiche. Ikamganda kwenye kidole gumba kwa ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto. Akakung'uta, wapi!

"Sasa nakupa mdogo wangu akueleze kitaalamu," dada akasema, akamwekea simu mbele ya pua, spika wazi.

"Haya, mdogo wangu," muuzaji akasema kwa upole, "hebu niambie, umekuta nini?"