Mto wa Mjukuu

"Nyumbani mna kuku?" daktari aliuliza.

"Tulikuwa nao sita," mama wa mtoto alijibu. "Walikufa wote wiki iliyopita. Lakini mwanangu hata kutambaa hajaanza, daktari. Bandani angefikaje?"

"Nani aliwafukia?"

"Mimi," bibi alisema. "Nikanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko."

Alisema kweli. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa mikono safi, asiyetupa hata kipande cha uzi.

"Vizuri, bibi. Basi tutafute chanzo kwingine."

Mtoto alihema kwa shida, mbavu zikitokeza kila avutapo pumzi. Muuguzi alimwinua kidogo, akautikisa mto mdogo waliokuja nao, akamlaza tena.

"Mto laini huu!"

"Mama ndiye kaushona, juzi tu," mama wa mtoto alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Kwenye mshono ilichomoza ncha ya unyoya mweupe. Wale kuku walikuwa weupe pe, na bibi aliona hasara kuwafukia na manyoya yao.

Aliinama kana kwamba anamfunika mjukuu. Kwa kidole kimoja, taratibu, akaurudisha unyoya ndani.