Matone ya Kuondoa Haya

Kila mtoto akitimiza miaka minne hupewa matone ya kuondoa haya, na Mwanakombo, ambaye nyumba yake haikauki wageni, aliisubiri siku hiyo kwa hamu. Binti yake Salha akisikia hodi tu alikuwa anajificha nyuma yake na kumng'ang'ania kiuno.

"Bibie huyu atatusalimia lini?" jirani yao Mize alikuwa akitania.

Wiki moja baada ya matone, Mwanakombo alirudi kutoka sokoni akamkuta Salha kapakatwa na mgeni asiyemjua hata jina, anawachekesha watu mpaka machozi.

"Sasa huyu ndiye mwanao, shoga," Mize alisema.

Mwanakombo alipiga magoti, akamfungulia mwanawe mikono. Salha akampa tabasamu lile lile alilowapa wote.

"Shikamoo mama. Karibu, keti, hapa ni kama kwako."

Wageni wakaangua kicheko. Mwanakombo naye akacheka, akatafuta pa kuketi.