Uso wa Vigae

Kwenye kompyuta ya studio yake ya picha, Hemedi aliikuza picha mara ya nne, na mara ya nne Bi Mgeni akatikisa kichwa. "Kijana mzuri, lakini si mwanangu."

Ilikuwa picha ndogo ya kitambulisho, ndiyo pekee aliyoiacha marehemu mwanawe. Kila Hemedi alipoikuza, programu ilijaza nafasi kati ya nukta na nukta kwa kubahatisha rangi, ikalainisha shavu hadi kovu likafutika. Alibadilisha mipangilio, wapi! Mwishowe, kwa hasira, akazima kule kubahatisha. Uso ukavunjika vipande vya mraba, kama vigae vya bafuni.

"Samahani, mama. Kilichomo ndicho hiki tu. Mengine yote programu ilikuwa ikiyabuni."

Bi Mgeni aliinuka, akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, macho hayabanduki kwenye kioo cha kompyuta, mpaka kisigino kikagusa kizingiti cha mlango.

"Ndiye huyo," akasema taratibu. "Na kovu lake."

Hemedi akatazama tena; pale alipoketi, aliona vigae vitupu. Akamsogezea kiti. "Njoo ukae, mama, nikuchapie."

"Niache hapa kwanza, baba. Nikisogea, ananipotea."