Dereva Aliyekosa Kaburi

Marehemu alikuwa na urefu wa kidole gumba, na bado hakuwa na macho. Tangu asubuhi Billy alikuwa amempaka shati, suruali na viatu, lakini kila alipofika usoni mkono ulikataa. Mara tatu aliyachora macho kwa brashi ya nywele mbili. Mara tatu yalimkodolea, akayafuta kwa thina ya kutolea rangi.

Hakuwa mtu wa kutetemeka. Mtaa mzima wa Mashimoni ulimjua fundi Billy, yule wa miwani ya kukuza na barakoa ya kuzuia harufu ya rangi, aliyeweza kuandika Baba Yetu juu ya punje ya mchele akabakisha nafasi ya Amina. Watu wa magorofa ya Nyayo Highrise walimletea maboksi yao ya vipande vya plastiki, ndege na meli na magari ya kuunganisha kwa gundi, naye akayatia kutu na vumbi hadi mtu akaapa ni ya kweli, yako mbali tu. Kazi hii ya sasa ilikuwa lori. Na alikuwa akiiogopa.

Aliyelileta ni msichana wa Kawangware, jina lake Rachael.

"Sasa, fundi," alisema siku hiyo, akakalia ndoo. "Nataka hii ikuwe lori ya babangu. Na yeye mwenyewe ndani, kwa usukani."

Babake aliitwa Walubengo, dereva wa lori la mahindi. Rachael alipokuwa na miaka mitano, Walubengo alifika kwenye daraja lililofurika. Watu wakamwambia asubiri, hakusubiri. Wapakiaji wawili waliokuwa nyuma waliopolewa kesho yake, wamekufa. Dereva hakupatikana. Sasa Rachael amechumbiwa, na wazee wa ukoo wamegoma: hawapokei mahari ya binti ambaye babake hajulikani kama yu hai au amekufa. Azikwe kwanza. Na desturi ya kwao iko wazi, asiyepatikana huzikiwa kipande cha mgomba badala yake.

"Lakini fundi, mimi siwezi kulilia mgomba," Rachael alisema. "Nilijaribu, nikacheka. Mazishi ya babangu alafu nicheke? Nikaongea na wazee, wakasema sawa, bora kuna kitu inaingia kwa kaburi."

Alikuwa na picha moja ya pasipoti, imeliwa na unyevu, uso umebaki nusu.

"Sura yake siikumbuki," alisema. "Hiyo ndiyo huniuma. Wewe fanya tu vile utaweza."

Billy alisema atajaribu. Hakuuliza swali hata moja.

Akafanya kazi kama aliyepagawa. Alitia turubai la kijani lenye kiraka, akaipasua taa ya kushoto kwa mstari mwembamba kuliko unywele, akapaka matope hadi kwenye bawaba za mlango. Siku ya nne akaanza kumgeuza yule dereva mdogo atazame ukuta kabla ya kunywa chai. Siku ya tano alisikia maji yakivuma, akatoka mbio kutazama mvua. Jua lilikuwa likiwaka, na kina mama wamepanga mitungi kwenye kioski cha maji, wakamshangaa.

"Billy, wachana na hiyo kitu," alisema Makau, mshona viatu wa kibanda cha pili. "Ukipaka maiti rangi, maiti hukuja kuangalia kazi."

Billy akarudi kwenye lori.

Alasiri ya siku ya sita alimsikia Rachael akiuliza njia huko nje. Akashika brashi na kuyapaka macho kwa mkupuo mmoja, safari hii yakitazama chini. Mkono ukatii.

Rachael alikuja na mamake, Nabalayo, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kanisa kichwani. Alisalimu kwa sauti ya chini, akasimama mlangoni. Rachael alilipokea lori kwa mikono miwili.

"Mathe, ona. Ni yeye? Niambie kama ni yeye."

Nabalayo aliokota lenzi mezani, akachungulia ndani. Alikaa hapo muda mrefu. Aliliona kovu chini ya kidevu. Aliiona saa, ndogo kuliko mbegu ya sukuma wiki, kwenye mkono wa kulia.

"Kwani alikuwa anavaa saa kulia?" Rachael aliuliza, akichungulia naye kwenye lenzi. "Fundi, mimi sikukuambia hiyo."

"Nimeweka tu," Billy aliiambia meza. "Nafasi ilikuwa huko."

"Ni yeye," alisema Nabalayo. "Ni yeye kabisa, mama. Sasa unaweza kulia."

Na Rachael akalia, kilio cha kumlilia mtu, si plastiki wala mgomba. Alilia miaka yote kumi na minane aliyokaa bila baba. Kisha akajipangusa, akamshika fundi mkono, akamshukuru mpaka Billy akageuka kupanga brashi zake. Mamake akamtuma kwa yule mshona viatu wa jirani aombe boksi la viatu la kubebea.

Alipotoka, Nabalayo hakuketi. Aliirudisha lenzi mezani taratibu.

"Mtoto amelia vizuri," alisema. "Tunakuzika Jumamosi, Walubengo. Usikuje."