Mreteni Juu ya Jina

"Panda hapa," mama alisema, akigusa kwa ncha ya kiatu udongo uliopakana na jiwe la kaburi, pale jina la mwanawe lilipoanzia.

Mtunza makaburi aliacha kuchimba. Miaka kumi na tisa ya kazi, hakuna aliyewahi kumwomba jambo kama hilo. Watu hupigania jina lionekane. Wengine humfokea kwa jani moja tu lililoangukia herufi.

"Mama, huu ni mreteni mtambaazi," alisema. "Hausimami, unalala. Kila mwaka unasogea shubiri moja, hata zaidi. Tuupande kule pembeni, hatua mbili, upate nafasi."

"Nimekuuliza nafasi?"

"Hapana, mama."

"Basi panda."

Alichimba. Alichanganya kokoto kwenye udongo ili maji yasituame, maana mreteni huuawa zaidi na mizizi kuloa kuliko na kiu. Jua lilikuwepo la kutosha. Kazi hiyo angeweza kuifanya amefumba macho, lakini leo ilimkera.

Alimkumbuka mama huyu mwaka jana. Bweni la wafanyakazi lilikuwa limeungua, jeneza likaja limepigiliwa misumari, na marehemu alitambuliwa kwa koti na kitambulisho kilichokuwa mfukoni. Mama alijitupa juu ya udongo mbichi, ikabidi kaka zake watatu wamnyanyue. Baada ya hapo alikuja kila wiki kusugua jiwe lililolazwa pale, na hasa ile picha ya kigae iliyobandikwa juu yake: kijana anacheka, sikio la kushoto limechomoza. "Antena," alikuwa akimwita. "Ukimtaja jikoni, anakuitikia kutoka barabarani."

Kisha akapotea miezi miwili. Leo amerudi macho makavu, na anataka picha ifunikwe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wahenga walisema. Mzazi huyu alionekana kuuweka mahali akapasahau.

Mtunza makaburi alishindwa kunyamaza.

"Mama, nikwambie ukweli. Mti huu hauna msamaha. Ukikata penye kijani, unachipua. Ukikata mpaka kwenye tawi kuukuu, hauchipui tena. Siku utakayolitaka hilo jina, utapata upara."

"Sitalitaka."

"Si afadhali tung'oe jiwe, basi?"

"Tukiling'oa watasema hapa hakuna mtu." Sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Unadumu?"

"Mti huu utanizika mimi. Mwagilia msimu wa kwanza, halafu uache. Unavumilia baridi, unavumilia jua, unavumilia kusahauliwa."

"Hatasahauliwa. Nimemlilia mwaka mzima. Nimeshamzoea."

Alisema hivyo kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Mtunza makaburi alipanda mche, akaushindilia kwa viganja. Tawi la kwanza tayari liliigusa herufi ya mwanzo.

"Kitu kingine," mama alisema. "Kuna mwanamke anaweza kuja kuuliza. Usimfukuze. Mlete hapa, umpishe akae."

"Mchumba wa marehemu?"

"Mwanamke wa rika langu. Labda ananizidi. Simjui."

Ahaa, mtunza makaburi aliwaza. Kumbe kuna mke mwenza huko, na ugomvi wa wakubwa unamwangukia marehemu hata kaburini! Alimwonea huruma kijana wa watu. Aliifuta picha kwa mkono wa shati, kwa mara ya mwisho, alivyodhani.

"Sasa unataka maji," alisema. "Mengi leo, ili udongo ukamate mizizi."

Mama aligeukia lango.

"Antena! Lete maji."

Mtunza makaburi alishusha macho. Alishawaona wengi wakiita hivyo, mke anamwita mume, baba anamwita binti. Jibu lake huwa ni moja: unasubiri kidogo, kisha unamshika mtu mkono na kumtafutia kivuli.

Alikuwa ameshanyoosha mkono aliposikia mlio wa ndoo.

Kijana aliyekuwa nayo alikuwa amekonda, na nywele zake zilikuwa zimekatwa fupi sana, hata sikio la kushoto likaonekana kuwa kubwa kuliko uso. Alifika kaburini, akaitazama picha yake mwenyewe, kisha akaizunguka kwa uangalifu, asije akamkanyaga yule aliyelala pale na koti lake.