Dakika Kumi za Kufumba Macho

Siku ya kwanza kazini Joselyne aliamriwa afumbe macho, tena kwa maandishi.

Barua ilibandikwa ukutani, na mhuri wa Kigali juu yake. Ofisi ya Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, iliandika kwenye kompyuta, asubuhi hadi jioni, majina ya watu waliopotezana katika vita vya Kongo, na macho ya wafanyakazi yalikuwa yameiva kama pilipili. Waliomba miwani. Makao makuu yalilitafakari ombi hilo miezi minne, kisha yakawatumia yoga.

Yoga ililetwa na Madame Vénantie, aliyesomea Ubelgiji namna ya kupumua, jambo ambalo watu wa Kamembe walikuwa wakilifanya tangu kuzaliwa bila diploma. Aliwafundisha kuzungusha shingo polepole, kutazama kidole gumba kisha kutazama mbali, na mbali yenyewe ilikuwa Bukavu, upande wa Kongo, ng'ambo ya maji. Mwisho walisugua viganja mpaka vipate moto, wakafunika macho kwa dakika kumi. Madame akawahi ndege ya mchana. Miwani hakuiacha.

Kando ya barua hiyo ilikuwepo nyingine, ya zamani zaidi: mfanyakazi atakayetafuta ndugu yake mwenyewe kwenye mashine atafukuzwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa nje kuna foleni ya watu wanaongoja zamu yao tangu alfajiri.

Joselyne aliielewa vizuri. Kule Kigali alikoajiriwa alikuwa ametia saini kwamba hatafuti mtu. Ulikuwa uongo. Mwanawe Ganza, akiwa na miaka sita, alichomoka mkononi mwake mwaka tisini na sita, Bukavu nzima ilipokuwa inakimbia vita. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Hakukusudia kuvunja sheria. Alitumaini tu kwamba siku moja karatasi ya Ganza ingeangukia mezani kwake kwa bahati, maana bahati haikukatazwa na barua yoyote.

Wenzake sita walimpa meza ya mbele, uso kwa ukuta, mgongo kwao. Walikuwa na adabu nyingi, ile adabu ya watu wanaonyamaza ghafla unapoingia. "Karibu, Maman wa Kigali," walisema, wakarudi kwenye kimya chao.

Kila siku saa nne Mzee Munyemana, mkuu wa ofisi, alivuta mapazia, akaanza kuhesabu kwa sauti ya katekista. "Vuta pumzi. Toa pumzi." Joselyne alifunika macho kwa bidii ya mtu anayeogopa kufukuzwa. Wakati mwingine alisikia vishindo vidogo vidogo, kama vya ndege wanaotembea juu ya mabati. Ndege wa Kamembe, alijiambia, wana kucha ndefu.

Baada ya wiki tatu macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Ya wenzake yalizidi kuwa mekundu. Hata hivyo waliipenda yoga kuliko mshahara. Mwenye malaria alijikongoja hadi kazini isimpite. Waliandika Kigali kuomba dakika ziwe ishirini, na Kigali, kwa furaha kubwa, ikawajibu kwamba mafanikio yao yatatajwa katika ripoti ya mwaka.

Joselyne aliwahurumia. Siku moja alimwendea Concessa, mama mnene kutoka Gikundamvura aliyekaa nyuma yake.

"Maman Concessa, pengine hausuguake viganja muzuri. Ona macho yangu."

Concessa aliyatazama. "Ni kweli, Maman. Weye endelea tu kufunga. Unafungaka muzuri sana."

Wiki hiyo Niyomugabo, kijana wa meza ya dirishani, aliomba ruhusa ya siku tatu, akarudi akiwa ameshika mkono wa kibinti chembamba alichosema ni mpwa wake. Ofisi nzima ilikikumbatia. Mzee Munyemana alitoka nje akakaa huko kitambo. Joselyne aliona ni watu wanaopenda sana wapwa.

Alhamisi moja, karatasi ya tatu kutoka juu ya rundo lake iliandikwa: Ganza, miaka tisa, ameonekana Shabunda.

Alishuka mstari kwa mstari. Jina la mama: Mukakalisa. Alikozaliwa: Uvira. Alikuwa Ganza wa mama mwingine. Alisoma tena, kana kwamba karatasi ingeweza kubadili nia. Kisha akamwandika mtoto wa Mukakalisa kwenye mashine, bila kukosea herufi, akaweka karatasi upande wa zilizokwisha.

Saa nne ikafika. Mapazia yakavutwa.

"Sugueni viganja, batu bangu," alisema Mzee Munyemana. "Fungeni macho. Vuta pumzi."

Joselyne alifunga. Lakini siku hiyo pumzi iliingia ikakataa kutoka, na machozi yakaanza kupenya kati ya vidole, yakamdondokea kwenye sketi. Alijizuia kadiri alivyoweza. Kwikwi ikamtoka hata hivyo, ya kwanza, kisha ya pili. Kwa aibu aliondoa viganja na kugeuka nyuma, atafute kitambaa katika mkoba alioutundika kwenye kiti.

Hakuna aliyekuwa amefumba macho.

Nyuso sita zilikuwa zimeinama karibu kugusa vioo vya kompyuta. Concessa alikuwa akishuka na orodha ndefu, midomo ikitaja majina bila sauti. Niyomugabo, aliyekwisha kupata wake mmoja, alikuwa akitafuta mwingine.

"Toa pumzi," alisema Mzee Munyemana, vidole vyake vikikimbia juu ya herufi, macho yakiwa hayatoki kwenye kioo. "Maman Joselyne, tuko na dakika sita. Andika jina ya muntu wako. Vuta pumzi."