Nusu Kichwa

Asubuhi hiyo msusi alikuwa anamsuka wifi yake huku ulimi unamuwasha. Riwaya yao ya mapenzi na mauaji waliichana vipande viwili ili kila mtu apate cha kusoma, na msusi ndiye aliyebaki na kipande cha mwisho, ameshakimaliza.

"Yule mume wa riwayani hajaua," wifi akasema. "Mtu anampenda mkewe vile, amuue? Mwandishi anatuzungusha tu kama pia."

"Wifi, acha."

"Siachi! Wewe mapenzi umeyajulia wapi, umeachika mara mbili?"

Wateja wakaangua kicheko. Msusi akashindwa kuvumilia.

"Ndiye muuaji! Kakutwa na kisu mkononi, mwisho kabisa. Haya, mpende sasa!"

Kicheko kikakatika. Wifi akanyanyuka, upande mmoja mistari imelala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama kama ufagio.

"Raha yangu ilikuwa hiyo moja tu," akasema. Akajitupia mtandio, akatoka.

Kwa hasira msusi akakibeba kile kipande cha riwaya ili akakitupe. Jalada la nyuma likamjia nene mkononi. Jeli ya nywele ilikuwa imeigandisha karatasi ya mwisho. Akaibandua kwa ukucha, polepole, kama plasta kwenye kidonda kibichi.

Mume alikuwa anachomoa kisu kifuani mwa mkewe ili amwokoe. Muuaji ni wifi mtu.

"Mshenzi huyu mwandishi!" akafoka, akachukua simu, akaandika WhatsApp.

"Wifi yangu, rudi nikumalizie kichwa. Nilikosea, mume hajaua."

Vitiki viwili vikageuka bluu. Basi.